Kabla ya kununua hisa za kiwanda, uliza habari za vali

Wiki hii safu hii inaziacha kidogo bei za hisa na bei za jumla, inaingia kiwandani kwa mlango wa nyuma. Wenye hisa wanapoalikwa kutembelea kiwanda cha chupa huonyeshwa mashine za kuunda chupa, mkanda unaozipeleka kwenye ukaguzi, na ghala lililojaa mali. Kisha hupewa soda na kofia yenye nembo, wakarudi mjini wameridhika. Hawateremshwi chini ya tanuri, kwenye njia za moshi, ambako kuna bamba la chuma linalogeuka kila baada ya dakika 20 usiku na mchana. Maoni yetu ni kwamba bamba hilo liulizwe kabla ya ghala na kabla ya mashine, maana hapo ndipo faida ya kiwanda hutorokea bila mtu kusikia kelele.

Bamba hilo ni vali ya kugeuza njia za gesi ya moto na hewa baridi. Msomaji asiogope, jambo lenyewe si gumu.

Tanuri la chupa huyeyusha mchanga, magadi, chokaa na vipande vya chupa zilizovunjika kwa joto la karibu nyuzi 1,500 za Sentigredi. Moshi unaotoka humo nao una joto linalokaribia hilo. Kuuachia moshi huo upande moja kwa moja dohani ni sawa na kutia noti motoni. Kwa hiyo tanuri hujengewa vyumba viwili vikubwa vya matofali maalumu, yaliyopangwa kwa kuachiana matundu ili gesi ipite katikati. Moshi hupitishwa chumba cha kwanza, ukayapasha matofali moto, ukafika dohani ukiwa umebakiwa na nyuzi 400 au 500 hivi. Wakati huohuo hewa ya kuwashia moto hupitishwa chumba cha pili, ambacho matofali yake yalikwisha kupashwa moto, ikaokota lile joto lililowekwa akiba na kufika kwenye ndimi za moto ikiwa na nyuzi 1,200 au zaidi. Baada ya dakika 20 chumba cha kwanza kimejaa joto na cha pili kimeanza kupoa. Mafuta hufungwa kwa sekunde chache, vali hugeuka, hewa ikaenda ulikokuwa moshi na moshi ukaenda ilikokuwa hewa, kisha moto huwashwa upande wa pili.

Hivyo ndivyo yanavyofanya kazi matanuri mengi ya chupa duniani. Joto lililolipiwa mara moja hutumika tena na tena, na anayelielekeza liende kushoto au kulia ni vali.

Ujuzi huu si wa jana. Huko Glasgow mwaka 1828, James Beaumont Neilson alipata hataza ya kupuliza hewa iliyopashwa moto kwenye tanuri la chuma badala ya hewa baridi, jambo ambalo wenye viwanda wa siku zile walilicheka mpaka walipoona bili ya makaa imeshuka. Mwaka 1856 Friedrich Siemens alipata hataza ya tanuri la vyumba vya matofali vinavyopokezana, na mwaka uliofuata Edward Cowper akapata yake ya kuupeleka ujuzi huohuo kwenye matanuri ya kuyeyushia mawe ya chuma. Mwezi Juni 1862 Michael Faraday, mwanasayansi aliyetuletea misingi ya umeme tunaotumia leo, alitoa mhadhara wake wa mwisho wa Ijumaa jioni mjini London, na mada aliyoichagua ilikuwa tanuri hilo la Siemens. Miaka mitatu baadaye Mfaransa Pierre-Émile Martin alilitumia kuyeyushia chuma cha pua. Tangu hapo matofali yameboreshwa na vipimo vimekuwa vya kompyuta, lakini vali bado ni ileile: bamba, kiti chake, na mkono wa kuligeuza.

Werevu mkubwa wa Siemens, kwa maoni yetu, ulikuwa pale alipoiweka vali. Hakuiweka karibu na moto, kwani hakuna chuma cha bei ya kawaida kinachoweza kufunguka na kufungika maelfu ya mara kwenye nyuzi 1,400. Aliiweka mwisho wa njia, upande wa baridi, mahali ambapo moshi umekwisha kuyaachia matofali sehemu kubwa ya joto lake. Ndiyo maana vali inaweza kutengenezwa kwa chuma cha kusubu na ikadumu miaka. Matanuri ya chuma ya Cowper hayana bahati hiyo, kwani yana vali inayopitisha hewa ya nyuzi zaidi ya 1,000, nayo ni lazima ipozwe kwa maji yanayozunguka ndani yake mfululizo; maji yakikatika, hasara yake si ya kusimulia. Wenye viwanda vya nondo wa hapa kwetu wanaoyeyusha vyuma chakavu kwa umeme watasema hayo hayawahusu, na ni kweli.

Sasa tazama kinachotokea mambo yakianza kuharibika. Matofali yakiziba kwa chumvi zinazotokana na magadi na salfa iliyomo kwenye mafuta mazito, au yakibomoka, hayawezi tena kuchukua joto lote. Moshi hufika kwenye vali ukiwa na joto kuliko ilivyokusudiwa. Bamba hupinda kidogo, chumvi nazo huganda kwenye kiti chake, na kuanzia siku hiyo vali haifungi sawasawa. Fundi atakwambia, "Inapitisha kidogo tu, bwana." Hiyo "kidogo tu" ndiyo iliyotufanya tuandike makala haya.

Upande mmoja wa bamba kuna hewa inayosukumwa na feni kubwa. Upande wa pili kuna moshi unaovutwa na dohani. Vali ikiwa na upenyo, hewa haina sababu ya kupanda kwenye matofali na kwenda kuwasha moto. Inakatisha njia na kuingia dohani moja kwa moja. Umeme wa feni umelipiwa bure. Mvuto wa dohani nao umeliwa na hewa isiyofanya kazi, hivyo tanuri linashindwa kutoa moshi wake vizuri na inabidi kupunguza tani zinazoyeyushwa. Mpaka hapo hasara ni ya wazi.

Hasara ya kificho ni kubwa zaidi, nayo inatokana na vipimo kudanganya. Kipimo cha hewa kwa kawaida hufungwa kabla ya vali, kwa hiyo kinahesabu hewa yote iliyotoka kwenye feni, pamoja na ile itakayotorokea dohani. Mtu wa zamu anaona hewa inatosha. Kama kipimo cha oksijeni nacho kimefungwa kwenye dohani, baada ya vali, kinaonyesha oksijeni nyingi, kwani hewa iliyotoroka imechanganyika na moshi. Mtu wa zamu anahitimisha kwamba hewa imezidi, na kama alivyofundishwa, anaipunguza. Ndani ya tanuri hali ni kinyume chake: hewa haitoshi, mafuta hayaungui yote, kaboni monoksidi inatoka na kwenda kuwakia ndani ya vyumba vya matofali, ambayo yanazidi kuharibika. Matofali yakiharibika, moshi unazidi kuipinda vali. Kiwanda kinakuwa kama mtu anayekopa ili alipe deni, na mhasibu anaandika tu kwamba mafuta yamepanda bei.

Dawa ya uongo huo ni rahisi mno. Pima oksijeni mahali pawili, juu ya matofali kabla moshi haujaifikia vali, na tena baada ya vali. Tuchukulie kwamba kipimo cha kwanza kimeonyesha asilimia 3 na cha pili asilimia 6. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kupiga hesabu: sehemu moja ya sita ya kinachopanda dohani ni hewa ambayo haijawahi kuuona moto. Baadhi yake huenda imeingilia kwenye nyufa za kuta za njia ya moshi, lakini njia nzuri ya kujua ni kupima upande wa kushoto na wa kulia kila mmoja kwa zamu yake. Ikiwa upande mmoja ni mzima na mwingine unavuja, kwanza itazame vali.

HESABU YA DAKIKA 24

Kwa kugeuka kila dakika 20, vali hugeuka mara 72 kwa siku na mara 26,280 kwa mwaka. Tanuri la chupa halizimwi Jumapili wala Iddi wala Krismasi, kwani kioo kikigandia ndani yake umekwisha. Huwaka mfululizo kwa miaka 10 hata 15 kabla ya kubomolewa na kujengwa upya. Katika miaka 10, vali itakuwa imegeuka zaidi ya mara 260,000.

Kila inapogeuka, moto unakuwa umefungwa. Tuchukulie kiwanda ambacho ugeuzaji huchukua sekunde 40. Kwa siku ni dakika 48 bila moto. Sasa mkono wa vali umechakaa, hewa ya kuusukuma ni hafifu, na ugeuzaji umekuwa sekunde 60. Kwa siku ni dakika 72. Tofauti ni dakika 24, ambazo hakuna meneja atakayekosa usingizi kwa ajili yake. Zidisha kwa siku 365 utapata saa 146, yaani siku 6 za mwaka ambazo tanuri limekaa bila moto kwa sababu ya mkono uliolegea.

Tuje kwenye fedha. Tanuri la kisasa linalotunzwa vizuri hutumia kiasi cha gigajuli 4 hadi 5 za nishati kwa kila tani ya kioo. Tuchukue kiwanda cha mfano kinachoyeyusha tani 200 kwa siku kwa gigajuli 5, na tuseme kila gigajuli hununuliwa kwa dola 8. Bili ya siku ni dola 8,000, na ya mwaka ni dola 2,920,000. Vali mbovu ikipoteza asilimia 3 tu ya hiyo, ni dola 87,600 kila mwaka. Bei hizo ni za mfano, kila mmoja anaweza kuweka za kwake. Hata ukiipunguza hasara kwa nusu, bado ni gawio la watu wengi wenye hisa mia mia.

Kwa nini basi vali isitengenezwe? Mafundi hawakosi kujua. Tatizo liko kwenye ofisi ya hesabu. Kanuni ya kimataifa ya hesabu namba IAS 16 inakitaja waziwazi kitendo cha kujenga upya kuta za ndani za tanuri kama mfano wa gharama inayoingizwa kwenye thamani ya mali, ikapunguzwa kidogo kidogo kwa miaka. Matengenezo ya kila siku, ambamo kunyoosha bamba la vali na kubadili kiti chake huangukia, hutolewa yote kwenye faida ya mwaka uleule. Kanuni ni nzuri, hatuilaumu. Lakini mtazame meneja aliyeahidi bodi faida fulani na mwaka umebakiza miezi mitatu. Akitengeneza vali leo, faida inapungua leo. Akiiacha, hasara itaonekana kama mafuta, na mafuta kila mtu anajua yamepanda. Baada ya miaka michache tanuri litabomolewa kabla ya wakati wake, gharama itaitwa uwekezaji mkubwa wa kisasa, na waandishi wa habari tutaalikwa kwenye uzinduzi.

Mwekezaji mdogo ndiye anayelipa mara zote mbili, kwanza kwa gawio dogo, kisha kwa kuombwa mtaji mpya.

Ulaya walionjeshwa uchungu wa bili ya nishati mwaka 2022, bei ya gesi ilipopaa baada ya Urusi kuivamia Ukraine. Duralex ya Ufaransa, watengenezaji wa zile glasi ngumu za kunywea, walisimamisha uzalishaji mwezi Novemba mwaka huo, tanuri likabaki kupashwa moto tu bila kutoa mali kwa miezi kadhaa. Hata kutozalisha kulikuwa na bili yake. Mwaka 2024 mahakama iliwaruhusu wafanyakazi waichukue kampuni kama ushirika, na Novemba 2025 wananchi wa kawaida waliombwa waukopeshe ushirika huo. Kikomo cha euro milioni 5 kilijaa upesi sana. Tunaipenda ari hiyo. Tungependa pia kujua ni wangapi kati ya waliotoa fedha waliouliza tanuri linakula kiasi gani kwa kila tani.

Hapa kwetu jambo hili liko karibu kuliko inavyodhaniwa. Dar es Salaam ina Kioo Limited pale Chang'ombe, Mombasa ina Milly Glass, Nairobi ina Central Glass Industries. Hatusemi kwamba yeyote kati yao ana vali mbovu. Hatujaingia humo na hatuna sababu ya kudhani hivyo. Kioo Limited haimo sokoni, kwa hiyo mwananchi hawezi kuinunua hata akitaka. Lakini Central Glass ilikuwa mali ya East African Breweries mpaka ilipouzwa kwa Consol ya Afrika Kusini mwaka 2015. Maana yake ni kwamba kwa miaka mingi mwalimu wa Nakuru mwenye hisa zake mia tano za bia alikuwa pia mwenye tanuri la kioo, na huenda hakuwahi kulifikiria. Leo tanuri si lake tena, ila bia yake bado inaingia kwenye chupa, na gharama ya kuichoma chupa hiyo inaingia kwenye bei.

Gesi ya Songo Songo ilipoanza kufika Dar es Salaam mwaka 2004, viwanda vilivyounganishwa na bomba vilipata nafuu kubwa. Nafuu hiyo ina hatari yake. Nishati ikiwa rahisi, vali mbovu haiumi, na isiyouma haitengenezwi. Asiye na bomba, anayechoma mafuta mazito yaliyolipiwa kwa fedha za kigeni, huumia mapema, akajifunza mapema. Tofauti ni kwamba mafuta yake yana salfa, na chumvi zitamrudisha kwenye vali kila baada ya miezi.

Tusidhani pia kwamba ni kioo peke yake. Kampuni ya kwanza kabisa kuorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, mwezi Aprili 1998, ilikuwa Tanzania Oxygen Limited, ambayo sasa inaitwa TOL Gases. Mitambo yake hatuijui kwa undani, lakini mtambo wa kisasa wa kutoa oksijeni hewani kwa kuipoza kwa kawaida huwa na matangi mawili ya kukaushia hewa. Moja linapofanya kazi, jingine husafishwa kwa gesi ya moto, kisha likapozwa kwa gesi baridi, halafu yakabadilishana. Vali ikivuja hapo, unyevu na kabonidayoksaidi huponyoka na kuingia sehemu yenye baridi kali kuliko nyuzi 170 chini ya sifuri, zikaganda na kuziba njia, na mtambo mzima unasimamishwa uyeyushwe. Hospitali zinazosubiri mitungi hazitaki kusikia habari za bamba lililopinda.

KWA WENYE MADUKA YA VIPURI

Neno moja kwa wafanyabiashara wa vipuri. Bamba la vali si jambo la kununua kwa kukadiria kwa macho. Tumeona mabamba yaliyosubiwa kwa chuma chochote kilichopatikana, yakapakwa rangi nyeusi na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Kwenye joto la nyuzi 500 mali ya namna hiyo hujikunja kama chapati. Karakana za kusubu vyuma zipo katika miji yetu, na zikipewa mchoro sahihi na aina ya chuma iliyotajwa kwa jina lake zinaweza kutoa bamba zuri kwa bei ndogo kuliko la kuagiza. Anayetaka kuingia kwenye biashara hii amtafute kwanza mhandisi atakayeusoma mchoro, kisha ndipo amtafute mteja. Mteja mwenyewe atanunua kwa nadra, ila siku atakayohitaji hataweza kusubiri meli.

Na kwa wenye hisa wanaokwenda kwenye mkutano mkuu wa kampuni yoyote yenye tanuri la namna hii, tunashauri maswali machache badala ya yale ya kawaida kuhusu posho na chakula. Tanuri linatumia nishati kiasi gani kwa kila tani mwaka huu, na lilitumia kiasi gani lilipokuwa jipya? Tanuri likizeeka kiwango hupanda kidogo kila mwaka, hilo ni la kawaida. Likiruka ghafla, kuna kitu. Oksijeni ni asilimia ngapi kabla ya vali na baada yake? Ugeuzaji unachukua sekunde ngapi? Vali zilikaguliwa lini mara ya mwisho, na fedha zilizotengwa kwa matengenezo zilitumika zote au zilirudishwa kwenye faida? Mwenyekiti akijibu kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu, mwombe amsimamishe mtaalamu, kwani bila shaka yumo ukumbini, amekaa safu za nyuma.

Wauza chupa za jumla wao waulize jambo moja tu: tanuri lina miaka mingapi tangu lijengwe upya. Likipita miaka 10 na mafuta yanapanda kwa kila tani, kubomolewa kwake hakuko mbali, na kazi hiyo huchukua miezi. Miezi hiyo chupa zitatoka ng'ambo kwa bei ya ng'ambo, na mwenye akiba ghalani ndiye atakayeweka bei.